Dawa ya Picha na Mafigo Yaliyochoka

Kila mama wa Goma ajua kazi ya chekeche: unga hupita, makapi hubaki. Mafigo yetu mawili huichuja damu kwa namna inayofanana na hiyo. Kwa siku moja huchuja litri 180 hivi za maji ya damu, hurudisha mwilini karibu yote, na litri moja u nusu hutoka kuwa mkojo, pamoja na taka na dawa nyingi tulizopewa. Leo twasimulia habari ya dawa moja iliyowadhuru watu ambao mafigo yao hayakuchuja tena.

Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alionyesha kwamba sumaku yaweza kutoa picha. Mwingereza Peter Mansfield aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 2003 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Mashine yenyewe twaiita IRM, wengine huiita MRI. Ili sehemu yenye ugonjwa ionekane vizuri, mara nyingi waganga hutia katika mshipa dawa yenye madini ya gadolini. Dawa ya kwanza ya namna hiyo ilikubaliwa mwaka 1988.

Gadolini tupu ni sumu. Kwa hiyo wataalamu waliifunga ndani ya dawa kwa njia mbili: nyingine huifunga kama kamba iliyo wazi ncha zake, nyingine huizunguka kama pete. Kwa mtu mwenye mafigo mazima, nusu ya dawa hutoka kwa muda wa saa moja u nusu hivi, na baada ya siku moja karibu yote imekwisha.

Ilijulikana zamani kwamba dawa za iodini, zitumiwazo katika picha za eksirei, zaweza kuyaumiza mafigo. Basi, waganga wengi waliwapeleka wagonjwa wa mafigo kwenye IRM, wakidhani wamewakinga. Tazama mambo yalivyogeuka!

Tangu mwaka 1997, huko California, walionekana wagonjwa ambao damu yao husafishwa kwa mashine, nao ngozi yao ilikuwa ngumu kama ubao. Wengine hawakuweza kukunja magoti wala vidole. Mwaka 2000 mganga Shawn Cowper na wenzake waliandika habari za wagonjwa 15. Sababu haikujulikana. Baadaye ilionekana kwamba ugonjwa huo waweza kufika hata moyo na mapafu, na wengine walikufa.

Mwaka 2006 mganga Thomas Grobner wa Austria alichunguza habari za wagonjwa wake 9 waliopigwa picha kwa dawa ya gadolini. Kati yao 5 walikuwa wamepata ugonjwa huo. Mwaka uleule, huko Denmark, Peter Marckmann na wenzake walihesabu wagonjwa 13, na wote walikuwa wamepewa dawa ya gadolini ya namna ya kamba. Ikaeleweka: mafigo yakishindwa, dawa hukaa mwilini siku nyingi, kamba hulegea, na madini huingia katika nyama ya mwili.

Mwaka 2007 serikali ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe juu ya dawa hizo. Mwaka 2017 nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha baadhi ya dawa za kamba. Tangu waganga walipoanza kupima mafigo kwanza na kuchagua dawa za pete, wagonjwa wapya wamekuwa haba sana.

Twajifunza nini? Waganga wale wa kwanza hawakuwa wazembe. Ila dhara lisiloonekana walilihesabu kuwa halipo. Walioligundua ni wale waliorudi kuuliza: mgonjwa huyu alipewa nini?

Basi, ndugu akitumwa Kampala au Nairobi kupigwa picha hiyo, amwambie mganga mapema kama ana sukari, presha, au aliwahi kuugua mafigo. Kipimo cha damu kiitwacho kreatinini huonyesha nguvu ya mafigo. Yakichuja chini ya mililitri 30 kwa dakika, mganga hupima kwanza kama dawa yahitajiwa kweli, na huichagua kwa uangalifu. Lakini asiikatae picha kwa hofu tu, maana hatari ya dawa za pete ni ndogo mno, na ugonjwa usioonekana hautibiwi. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.