Kiondo, Debe na Pakiti

Msomaji wangu, yamkini asubuhi ya leo ulikunywa chai ya maziwa. Ikiwa wakaa Kawangware, Kangemi au Westlands, aghalabu maziwa hayo yalifika nyumbani kwenu katika pakiti laini ya nusu lita, iliyokatwa pembe kwa kisu au kwa meno. Chai imekwisha. Pakiti iko wapi? Swali hili laweza kuonekana dogo. Walakini katika jibu lake imo sehemu kubwa ya historia ya mji wa Nairobi, nayo ndiyo nitakayokusimulia.

Tuanzie upande wa magharibi, kabla mji wenyewe haujakuwako. Mwaka 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa kutawala nchi hizi, alijenga boma pale Dagoretti, mpakani mwa nchi ya Wakikuyu. Hapo misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda ilijipatia chakula. Wapagazi, wengi wao watu wa pwani wasemao Kiswahili, walihitaji mahindi, maharage na viazi vitamu kabla ya kukabili safari iliyobaki. (Boma hilo halikudumu. Watu wa misafara waliwanyang'anya wenyeji mali zao, ugomvi ukazuka, na mwaka 1891 likaachwa. Lakini hayo ni mambo ya insha nyingine.)

Sasa fikiri jinsi chakula hicho kilivyobebwa. Nafaka ilikuja ndani ya kiondo, na uji ndani ya kibuyu. Mama aliyeleta mahindi aliyamimina katika gunia la mnunuzi, kisha akarudi nyumbani na kiondo chake. Kilimgharimu siku nyingi za kusokota nyuzi na kusuka. Asingeweza kukiacha kwa mtu wa njiani. Kiondo kilikuwa na mwenyewe. Na siku kilipochakaa kabisa, kilioza shambani pamoja na majani mengine.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukaanza kukua upesi kuliko mifereji yake. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na watawala wakaliteketeza kwa moto. Usidhani, basi, kwamba Nairobi ya zamani ilikuwa safi. Uchafu ulikuwako, na wa kuua. Ila uchafu ule uliweza kuoza ama kuungua.

Pamoja na reli vilikuja vitu vilivyofungwa viwandani, na miongoni mwake kimoja chastahili heshima: debe. Mafuta ya taa yaliletwa kutoka ng'ambo katika mikebe ya bati yenye pembe nne, kila mmoja wenye galoni 4, yapata lita 18. Mafuta yalipokwisha, kazi ya debe ndiyo kwanza ilianza. Liliteka maji, likapimia mahindi, na lilipotoboka lilipasuliwa likanyoshwa likawa bati la kuezekea nyumba. Ndivyo chombo cha kufungia mafuta kilivyogeuka kuwa kipimo cha nchi nzima. Baadaye mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia ulipata bahati hiyohiyo, nao ndio gorogoro unayoiona mpaka leo katika soko la Kangemi, ikipimia mahindi na maharage. Mimi huona kwamba hakuna jambo lionyeshalo akili ya watu wetu kama gorogoro, ingawa vitabu vya historia huipita kimya.

Chupa ya soda nayo ilikuwa na mwenyewe. Coca-Cola ilianza kutiwa chupani Nairobi mwaka 1948, na kwa miaka mingi mteja asiyekuja dukani na chupa tupu hakuuziwa soda bila kuweka amana, au alikunywa papo hapo mbele ya mwenye duka. Wazee wako watakueleza jinsi mtoto alivyovunja chupa njiani akaogopa kurudi nyumbani.

Mabadiliko yalikuja polepole, tena yalikuja kama neema. Huko Lund, katika nchi ya Uswidi, kampuni ya Tetra Pak iliyoanzishwa mwaka 1951 ilibuni pakiti ya maziwa yenye pembe tatu kila upande. Pakiti hiyo ilienea Kenya, na Rais Moi alipoanzisha maziwa ya bure katika shule za msingi mwaka 1979, watoto wa nchi nzima waliyapokea yamefungwa humo. Maziwa yalifika shuleni bila kumwagika, na pakiti haikuvunjika kama chupa. Nani angelalamika? Lakini haikuwa na amana, haikuwa na kazi ya pili, wala hakuna aliyeisubiri irudi.

Halafu yalizidi maduka makubwa ya kujichukulia bidhaa, na mwaka 1992 biashara ya maziwa ilifunguliwa kwa makampuni mengi, ambayo yalishindana kwa vifuko vya plastiki. Katika mitaa kama Kawangware, ambako mtu hulipwa kwa kutwa, wenye viwanda waligundua kwamba mnunuzi hana fedha za kilo moja leo. Wakamfungia kidogo: mafuta ya mandazi ya leo, sabuni ya leo, majani ya chai ya leo. Nakuomba usimlaumu mnunuzi huyo, kwa maana hakuchagua ufukara. Lakini bidhaa igawanywapo katika vipakiti kumi, takataka huwa kumi. Na juu ya yote muuzaji aliongeza mfuko wa kubebea, ambao watu wa Nairobi huuita "karatasi", ijapokuwa hauna chembe ya karatasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka.

Ilikwenda wapi? Mingine ilikokotwa na mvua hadi katika Mto Nairobi. Mto huo huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita Kawangware na katikati ya mji, huingia mto Athi, na maji yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mingine ililiwa na ng'ombe: mwaka 2017 mganga mmoja wa mifugo, akizungumza juu ya machinjio ya Nairobi, aliwasimulia waandishi wa habari kwamba mifuko 20 ilitolewa katika tumbo la ng'ombe mmoja. Na iliyozolewa na magari ilivushwa mji mzima, kutoka Westlands na Kileleshwa upande wa magharibi hadi jaa la Dandora upande wa mashariki. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001; hata hivyo magari hayakukoma kwenda. Mwaka 2007 uchunguzi wa watoto 328 wa jirani na jaa ulionyesha kwamba nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichofika au kupita kipimo cha hatari cha wakati ule. Watoto hao hawakunywa maziwa ya Westlands. Walipata takataka zake tu.

Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 2004, alihimiza watu warudie kiondo. Serikali ilijaribu kuzuia mifuko myembamba mwaka 2007 na tena mwaka 2011, isifaulu. Mara ya tatu ilikaza mkono: tangu tarehe 28 Agosti 2017 mfuko wa plastiki wa kubebea ulipigwa marufuku, na adhabu ikaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Miti ya kando ya barabara, iliyokuwa imevaa mifuko kama maua, ilianza kuonekana majani yake.

Lakini sheria hiyo iliachilia vifungio vya kiwandani. Mfuko wa nje ukaondoka, pakiti ya ndani ikabaki. Na ndiyo uliyoikata asubuhi.

Katika mitaa hiyohiyo ya magharibi siku hizi zipo mashine ambazo watu huziita "ATM za maziwa". Mtu huenda na chupa yake, hulipa hata kwa kiasi cha kikombe kimoja, na hupimiwa. Aliyesahau chupa nyumbani huuziwa nyingine ya plastiki hapo hapo dukani.