Njia za Ioni na Msukumo wa Neva

Njia za ioni ni protini zilizopenya utando wa seli, kila moja ikiwa na tundu jembamba la kupitishia chembe zenye chaji, yaani ioni. Katika seli za neva ndizo zinazozalisha msukumo wa neva, mruko wa umeme unaodumu takriban milisekunde moja.

Neva iliyotulia huwa na chaji hasi ndani, karibu milivolti −70 ikilinganishwa na nje. Sodiamu imejaa nje, potasiamu ndani. Uwiano huo hulindwa na pampu ya protini ambayo, kwa kila mzunguko, hutoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Seli ikichochewa hadi volteji ikafika karibu −55, njia za sodiamu hufunguka. Sodiamu huingia, volteji hupanda, na kupanda huko hufungua njia nyingine zaidi. Ndiyo maana hakuna nusu msukumo: ama hutokea mzima, ama hautokei. Hivyo maumivu makali hupelekwa kwa wingi wa misukumo, si kwa ukubwa wake.

Kinachouzima msukumo ni kupishana kwa muda. Njia za sodiamu hujiziba upesi. Zile za potasiamu, ambazo huchelewa kufunguka, hutoa potasiamu na kurudisha chaji hasi.

Elimu hii ilitoka kwa ngisi, ambaye neva yake kuu inaweza kufikia unene wa milimita moja. Mwaka 1939, huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza elektrodi ndani ya neva hiyo. Nadharia ya wakati ule ilidai kwamba volteji ingeshuka hadi sifuri tu, lakini wao walikuta ndani kumegeuka kuwa chanya. Vita vya Pili vya Dunia vikakatiza kazi. Mwaka 1952 walichapisha milinganyo inayoueleza msukumo mzima, Huxley akiwa ameikokotoa kwa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Cha kustaajabisha, hakuna aliyekuwa ameona njia hata moja! Mkondo wa njia moja ulipimwa na Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976, na umbo la njia ya potasiamu ya bakteria likaonyeshwa na Roderick MacKinnon mwaka 1998.

Sumu zinathibitisha mgawanyo wa kazi kati ya njia za sodiamu na za potasiamu. Tetrodotoksini ya samaki bunju, ambayo haiharibiki kwa kupikwa, huziba njia za sodiamu; misukumo hukatika na aliyemla anaweza kufa kwa kushindwa kupumua. Bunju mwenyewe hadhuriki, kwa kuwa njia zake zina umbo tofauti kidogo. Dendrotoksini za koboko huziba njia za potasiamu, na neva hufyatua misukumo kupita kiasi. Lidokaini ya daktari wa meno nayo huzuia njia za sodiamu, ila kwa muda, na pale tu ilipochomwa.