TAILORx
TAILORx ni jaribio la kitabibu kuhusu saratani ya matiti lililofadhiliwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Lilianza mwaka 2006 na kuandikisha wanawake zaidi ya 10,000. Wote walikuwa na saratani ya hatua za awali yenye vipokezi vya homoni, isiyo na protini ya HER2 kwa wingi, na ambayo haikuwa imefika kwenye tezi za kwapani.

Kipimo cha jeni 21 za uvimbe hutoa alama kati ya 0 na 100. Kadiri alama inavyopanda ndivyo hatari ya saratani kurudi inavyoongezeka. Waliopata 0 hadi 10 walipewa tiba ya kuzuia homoni pekee. Waliopata 26 na zaidi waliongezewa kemotherapi. Wenye 11 hadi 25 waligawanywa kwa bahati nasibu baina ya njia hizo mbili.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa, kwa jumla, kemotherapi haikuliongezea kundi la kati manufaa. Hata hivyo, wanawake wa miaka 50 au chini yake wenye alama 16 hadi 25 walifaidika kwa kiasi.