Bunduki ya Babu na Msasa wa Fundi

Kaa jioni na wazee wa Kamachumu au Nshamba, mazungumzo yafike kwenye nguruwe pori wanaomaliza mihogo, na haitachukua muda kabla mtu hajataja bunduki ya marehemu babu yake. Shotigani ya mitutu miwili. Na karibu kila mara ni "ya Mjerumani": ilipatikana Bukoba ilipopigwa, au babu alizawadiwa na bwana mkubwa wa boma. Sisi watu wa Kagera kwa kusimulia hatujambo. Lakini bunduki nayo ina maneno yake, yamegongwa kwenye chuma, na mara nyingi hayafanani na ya kwetu.

Tarehe zenyewe zinatia shaka. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi Novemba 1890. Miezi minne kabla, mwezi Julai, mataifa makubwa yalikuwa yametia saini mkataba wa Brussels uliobana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika aliachiwa gumegume, ile ya kushindilia baruti kwa mbele. Magendo yalikuwepo, tena mengi. Charles Stokes, Mwairishi aliyewahi kuwa mmisionari, alijulikana eneo zima la kusini mwa ziwa kwa biashara ya pembe na bunduki, hadi aliponyongwa Kongo mwaka 1895 na ofisa wa Kibelgiji aliyemtuhumu kuwauzia silaha maadui wa dola ya Mfalme Leopold. Kwa hiyo sisemi haiwezekani kabisa. Nasema shotigani nzuri ya kukunja katikati, mikononi mwa mkulima wa Ihangiro enzi za Mjerumani, ilikuwa kitu adimu sana.

Na vita? Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakaipiga Bukoba tarehe 22 na 23 Juni 1915, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Lakini silaha ya askari wengi wa Mjerumani ilikuwa Mauser ya 1871, ya mtutu mmoja wenye mifereji ndani, iliyotoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Shotigani ya mitutu miwili haikuokotwa kwenye handaki. Kama ilitoka vitani, basi ilitoka kwenye nyumba ya mtu.

Sasa tuiulize bunduki yenyewe, kwa ruhusa ya mwenye leseni na baada ya kuhakikisha haina kitu ndani. Itenganishe mitutu na kitako, kisha uigeuze uangalie chini, karibu na chemba. Pale ndipo wakaguzi rasmi wa Ulaya waligonga mihuri baada ya kuijaribu. Mihuri ya Ujerumani chini ya sheria ya 1891 ni herufi zenye taji juu yake. Ukikuta tai juu ya herufi badala ya taji, hadithi imeishia hapo: tai juu ya herufi alikuja na sheria ya 1939, na Mjerumani aliondolewa Bukoba mwaka 1916. Bunduki nyingi zinazoitwa za Mjerumani zina mihuri ya Birmingham, Uingereza. Herufi BNP ni za kuanzia miaka ya 1950. Maneno NOT FOR BALL, yaani si ya risasi ya donge, yaligongwa kati ya 1875 na 1887, kabla hata boma la Bukoba halijachimbiwa msingi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wajuzi. Baada ya vita ya kwanza, viwanda vya Ujerumani vilichukua bunduki za jeshi za Mauser 98 vikazigeuza kuwa shotigani za bei nafuu, zikiuzwa kwa majina kama Geha na Remo. Mtambo ni wa jeshi kweli, lakini mtutu ni wa miaka ya 1920. Mwenye nayo ataapa kwamba ilipigana 1915, na nusu ya bunduki itamuunga mkono.

Rangi ndiyo inayodanganya zaidi. Chuma cha mtambo kilipikwa ndani ya sanduku la makaa ya mifupa kisha kikatoswa majini, kikatoka na mawingu ya buluu, kahawia na manjano. Mikono na jua hufuta mawingu hayo. Bunduki ya miaka 100 inayong'aa rangi hizo kote ina siri. Ile iliyofifia nje lakini bado ina mawingu kwenye kona zisizoguswa inasema kweli. Tazama pia nakshi: kama mistari inakatika inapofika kwenye kichwa cha parafujo, parafujo hiyo si ya hapo. Ukingo wa maandishi ukiwa umeviringika kama sabuni iliyotumika, msasa umepita.

Na msasa haufuti historia tu. Kila unapopita unapunguza unene wa mtutu. Kuipika bunduki ya mitutu miwili kwenye maji ya chumvi kali ili iwe nyeusi tii kunaweza kula lehemu inayoishika mitutu pamoja. Ining'inize mitutu kwa ndoano yake, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, afadhali. Ikitoa sauti ya debe, usiweke risasi.

Nambari ya mtutu, ya mtambo na ya kipande cha mbao cha mbele zinapaswa kufanana. Zisipofanana, mnunuzi wa Ulaya atashusha bei. Hapo mimi sikubaliani naye sana. Kitako cha mfenesi kilichochongwa Muleba baada ya kile cha walnati kupasuka, au kipande cha mtambo kilichofuliwa na mhunzi katika nchi ambayo wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta matanuri ya chuma ya miaka kama 2000 pale Kemondo na Katuruka, ni ushahidi wa Kagera kuliko muhuri wowote wa Birmingham. Kinachoudhi ni kukiondoa ili bunduki "irudi kama mpya".

Mwenye leseni akifariki, silaha hairithiwi kama kibanja. Lazima ifikishwe polisi. Familia nyingi huanza na fundi, ing'arishwe kwanza, isiwatie aibu mbele ya afande. Ipelekeni na kutu yake. Kabla ya hapo pigeni picha ya mihuri chini ya mitutu, na muulizeni bibi ni nani aliyechonga kile kitako.