Serengeti: Studio Isiyo na Kuta

Ndugu msomaji, huenda watoto wako wamekwisha kukaa mbele ya televisheni baada ya Isha, wakawatazama nyumbu wakivuka mto na mamba wakiwangoja majini. Mto ule ni Mara, na nchi ile ni ya wilaya za Serengeti na Tarime, huko bara Tanzania. Basi ni vyema tujue picha hizo zilianzaje, waliozipiga walikaa wapi, na ni nani ambaye hakuonyeshwa ndani yake.

Studio za sinema za Ulaya na Marekani ni majumba makubwa yenye taa na mafundi. Ya Serengeti haikuwa na kuta. Ilikuwa ni mahema, kibanda cha bati, na kipande cha ardhi cha kutulia ndege. Kazi ilipokwisha, hapakubaki hata msingi wa kumwonyesha mgeni. Hata Hugo van Lawick, Mholanzi aliyepiga filamu kwa zaidi ya miaka 20 kutoka kambi yake ya Ndutu, kusini ya mbuga, nyumba yake ilikuwa ni mahema. Alifariki Dar es Salaam mwaka 2002.

Kambi iliyo mashuhuri kuliko zote ilikuwa Banagi, si mbali na Seronera. Hapo alifikia Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Walitoka Ujerumani kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama punda milia, wakiirusha wenyewe. Mwaka 1958 waliwahesabu wanyama kutoka angani, wakaandika 366,980.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tai, ikaanguka. Michael alikufa, naye ana umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba aliimaliza filamu peke yake, na jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema "Serengeti isife". Mwaka 1960 ikapewa tuzo ya Oscar. Profesa alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa ubavuni mwa mwanawe. Mzazi yeyote anayesoma habari hii ataijua huzuni iliyomo.

Tena tusimnyime haki yake. Tangu mwaka 1956 alikuwa na kipindi cha wanyama katika televisheni ya Ujerumani Magharibi, na watazamaji walitoa fedha nyingi zilizosaidia kuilinda mbuga. Lakini haki ina pande mbili.

Profesa aliamini kwamba mbuga ya wanyama haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji wake. Mbuga ilikwisha kutangazwa hifadhi mwaka 1951. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi mkataba wa kuhama, na mwaka 1959 mipaka ikakatwa upya. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme waliona mawindo ya babu zao yakigeuzwa jina, yakaitwa ujangili. Katika miaka ya 1960 Lamai nayo, kaskazini ya mto Mara, ikatiwa ndani ya hifadhi, na Wakurya waliokuwa wakiishi huko ikawabidi wahame. Huko huko ndiko leo magari ya wapiga picha yanakojipanga kungoja nyumbu wavuke.

Na sasa fikiri. Unguja ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata mwaka 1994. Kwa hiyo mtoto wa Frankfurt aliijua Serengeti kwa macho miaka mingi kabla ya mzee wa Tarime kuweza kuitazama nchi yake kwenye televisheni nyumbani kwake. Picha ilichukuliwa, na mwenye nyumba hakuachiwa nakala.

Shahidi akisema kweli nusu, akanyamaza nusu, hatumwiti mwongo, lakini hakimu mwadilifu hamkubalii mpaka asikie yaliyobaki. Picha nayo ni shahidi. Yale inayoyaonyesha yaweza kuwa kweli tupu, na dhulma ikawa katika yale iliyoyaacha nje.

Basi watoto wanapotazama nyumbu wakivuka, tukae nao, tuwaulize: "Na watu wa hapa, wako wapi?" Nasi wenyewe, ambao leo kila mmoja ana simu ya kupigia picha mkononi, tujizoeze adabu hiyo. Tumwombe ruhusa mwenye sura kabla ya kumpiga. Tusimkate jirani pembeni ili picha yetu ipendeze. Na tukimaliza, tumpelekee nakala yake.