Damu ya Tana na mamlaka mapya ya makachero

Mwaka 2012 Delta ya Tana, pwani ya Kenya, ilizika watu wake kwa makundi. Agosti 22 kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakauawa zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 ikawa zamu ya Kilelengwani: wafu 38, wakiwemo polisi tisa. Desemba 21 ikafuata Kipao. Kiini cha ugomvi hakuna asiyekijua katika mji wa Garsen, huko deltani. Mpokomo analima kingo za mto, Muorma anataka ng'ombe wake wanywe, na malka, zile njia za mifugo kuteremkia mtoni, zimemezwa na mashamba.

Kati ya mauaji ya Kilelengwani na yale ya Kipao, Oktoba 5, sheria mpya ya Idara ya Taifa ya Ujasusi, NIS, ilianza kutumika.

Idara hiyo imetoka mbali. Mkoloni alikuwa na Special Branch ndani ya polisi, iliyowawinda wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru James Kanyotu aliiongoza tangu 1965 hadi 1991, na katika miaka ya 1980 wapinzani wa serikali waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi. Ndiyo maana sheria ya 1998 iliwatoa makachero mikononi mwa polisi na kuwanyang'anya uwezo wa kukamata mtu. Kazi yao ikawa kukusanya habari, za ndani na za nje ya nchi, basi. Katiba ya 2010 ikaipa idara nafasi yake katika ibara ya 242.

Kisha Kenya ikaingia vitani Somalia, Oktoba 2011, na vita vikaifuata nyumbani. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni, Lamu, na vijiji jirani. Julai 5 wavamizi walifika Gamba, kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu, wakashambulia kituo cha polisi na kuwafungulia mahabusu.

Baada ya Mpeketoni, Rais Uhuru Kenyatta aliliambia taifa kwamba taarifa za kijasusi zilikuwepo, ila maafisa waliokuwa huko hawakuchukua hatua. Maneno hayo ni mazito mno kusahaulika. Maana Desemba mwaka huo huo Bunge, katikati ya vurumai ukumbini, lilipitisha sheria ya usalama iliyowaongezea makachero nguvu: operesheni za siri zikapanuliwa, na afisa wa NIS akaruhusiwa kumzuia mtu na kumkabidhi kituo cha polisi kilicho karibu. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria hiyo, lakini operesheni za siri zilibaki.

Kwa hiyo habari zilikuwepo, na dawa iliyotolewa ni uwezo zaidi wa kutafuta habari. Aliyepokea onyo akalikalia hakuguswa na mabadiliko hayo. Wabunge wa Tana River, yaani wa Garsen, Galole na Bura, wana wajibu wa kudai kifungu kimoja tu: kila onyo la NIS liwe na jina la afisa aliyelipokea na maelezo ya alichofanya, na kamati ya Bunge iyasome.