Tani na Kadi: Mafao ya Matibabu ya Wachimba Makaa ya Mawe wa Marekani

Katika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Marekani, ni mafao machache, yaani malipo na huduma anazostahili mfanyakazi juu ya mshahara wake, yaliyopiganiwa kwa ukali kama matibabu ya wachimba makaa ya mawe wa milima ya Appalachia. Ni machache vilevile yaliyofungamana na bidhaa kiasi hicho, kwa sababu fedha zilizomlipia mchimbaji daktari, kitanda cha hospitali na dawa hazikutokana na kodi ya serikali wala, kwa sehemu kubwa, na makato ya mshahara wake, bali zilitokana na kila tani ya makaa iliyotolewa mgodini. Uhusiano huo kati ya tani na kadi ya matibabu ndio unaoeleza ukarimu wa mpango huo katika miaka yake ya mwanzo, na ndio unaoeleza pia kwa nini watu waliouamini kwa maisha yao yote walijikuta mara kwa mara wakinyang'anywa.

Kabla ya 1946 makato yalikuwepo, tena ya kutosha. Hati ya malipo ya mchimbaji wa Kentucky mashariki au West Virginia ilionyesha kodi ya nyumba ya kampuni, baruti aliyolipulia mwamba, gharama ya kunolewa zana zake, bidhaa alizokopa katika duka la kampuni, kisha fedha za daktari na za hospitali, na yote hayo yaliondolewa kabla mwenyewe hajashika senti. Daktari aliyelipwa kwa fedha hizo aliitwa daktari wa kampuni, kwa kuwa ni meneja wa mgodi aliyemteua na kumfukuza, ingawa mlipaji alikuwa mchimbaji. Palipotokea ajali, daktari huyohuyo ndiye aliyetarajiwa kutoa ushahidi juu ya ukubwa wa jeraha ambalo mwajiri wake angepaswa kulilipia fidia, na si ajabu kwamba wachimbaji wengi hawakumwamini. Haki inadai isemwe pia kwamba katika mabonde yasiyo na barabara ya maana, ambako tabibu wa kujitegemea asingeweza kupata riziki, daktari wa kampuni mara nyingi ndiye alikuwa daktari pekee, na wapo waliofanya kazi usiku na mchana kwa uadilifu. Kilio cha wachimbaji kilihusu fedha zao zilizotumiwa bila wao kuwa na sauti, na malalamiko dhidi ya daktari mmoja mmoja yalikuwa sehemu tu ya kilio hicho.

Kiongozi aliyekigeuza kilio hicho kuwa dai la kitaifa ni John L. Lewis, rais, kuanzia 1920 hadi 1960, wa chama cha wachimba migodi kinachojulikana kwa herufi UMWA, mtu wa nyusi nene na ulimi mkali ambaye maadui zake walimchukia bila kuweza kumdharau. Mgomo aliouitisha Aprili 1946 uliwahusisha karibu wachimbaji 400,000, na nchi iliyokuwa bado ikiendesha reli na viwanda kwa makaa ilitikisika hata Rais Harry Truman akaiweka migodi chini ya serikali mwezi wa Mei. Kwa kuwa serikali sasa ndiyo iliyokuwa imeshika nafasi ya mwajiri, mkataba ulitiwa saini tarehe 29 Mei 1946 kati ya Lewis na Waziri wa Mambo ya Ndani, Julius Krug. Mkataba huo ulianzisha mfuko wa ustawi na wa kustaafu utakaotunishwa kwa mrabaha, yaani tozo linalokatwa kwa kila kipimo cha madini, wa senti 5 kwa tani, na ukaagiza kwamba makato ya zamani ya daktari na hospitali yaondoke mikononi mwa kampuni na kuingia katika mfuko wa pili wa matibabu chini ya usimamizi wa chama. Kufikia 1952 mrabaha ulikuwa umepanda hadi senti 40, na kila nyongeza ilitanguliwa na mvutano au mgomo.

Mkataba huohuo ulidai ufanyike uchunguzi wa afya katika vijiji vya migodi, kazi iliyokabidhiwa kikosi cha maofisa wa jeshi la majini chini ya Admeri Joel T. Boone, ambaye mwenyewe alikuwa daktari. Ripoti yao, iliyochapishwa 1947 pamoja na picha za mpigapicha Russell Lee, ilieleza visima vilivyo karibu na vyoo, nyumba zisizo na maji ya bomba, na hospitali nyingi ambazo vyumba vyao vya upasuaji, vya kujifungulia au vya picha za eksirei havikufikia kiwango kinachokubalika. Ripoti za serikali kwa kawaida huishia kabatini, lakini hii ilikipa chama hoja ambayo wamiliki wa migodi hawakuweza kuikanusha, kwa vile haikuandikwa na chama.

Uendeshaji wa mfuko wa ustawi na wa kustaafu, ambao hapa utaitwa Mfuko tu, uliangukia watu wawili wenye historia ya pekee. Mkurugenzi wake, Josephine Roche, alikuwa amewahi kurithi na kuendesha kampuni ya makaa huko Colorado, ambako mwaka 1928, kinyume cha desturi ya wamiliki wenzake, aliikaribisha UMWA kwa hiari yake. Mganga wake mkuu, Daktari Warren F. Draper, alitoka katika uongozi wa Huduma ya Afya ya Umma ya taifa. Waliligawa eneo la makaa katika kanda kumi, kila moja na ofisi ya kitabibu, na wakaanza na wale waliokuwa wamesahauliwa kabisa: wachimbaji waliovunjika uti wa mgongo kwa kuangukiwa na dari la mgodi, baadhi yao wakiwa wamelala kitandani kwa miaka mingi na vidonda vya mgongoni. Watu hao walitolewa mabondeni kwa machela, wakapakiwa katika treni na kupelekwa katika vituo vya kurejesha viungo huko California na New York, kikiwemo kile cha Daktari Howard Rusk, na wengi waliojulikana kama maiti hai walirudi wakitembea kwa magongo au wakijisukuma katika viti vya magurudumu. Hakuna tangazo ambalo lingeufanya Mfuko uaminike zaidi ya kurudi kwao.

Chombo cha kuutumia mpango huo kilikuwa kadi. Mchimbaji aliyetimiza masharti ya kazi, mkewe na watoto wake waliionyesha hospitalini na bili ikapelekwa kwa Mfuko, bila mgonjwa kuulizwa fedha. Hata hivyo kadi haikufungua kila mlango, kwa kuwa baada ya kukumbwa na msukosuko wa fedha mwaka 1949 Mfuko uliacha kulipia matibabu ya kawaida ya nyumbani na ya ofisini kwa daktari, ukabaki na gharama zile nzito za hospitali na za madaktari bingwa. Pengo hilo lilizibwa kwa namna fulani na zahanati za pamoja, kama ile ya Russellton huko Pennsylvania, ambazo Mfuko ulizilipa kiasi cha jumla kwa muda wa madaktari wake badala ya kulipa kwa kila ziara. Vyama vya madaktari vilipinga vikali utaratibu huo na vikapinga zaidi orodha ya madaktari walioruhusiwa kulipwa, vikidai kwamba mgonjwa ananyimwa uhuru wa kuchagua; dai hilo lilisikika vibaya masikioni mwa watu ambao kwa vizazi viwili hawakuwahi kuchaguliwa daktari na mwingine isipokuwa meneja wa mgodi. Mwaka 1956 zilizinduliwa hospitali kumi zilizojengwa na Mfuko wenyewe katika Kentucky, Virginia na West Virginia, kuanzia Harlan na Hazard hadi Beckley, zikiwa na vitanda zaidi ya 1,000.

Udhaifu ulikuwa umejificha ndani ya mkataba wa 1950, ambao Lewis aliukubali akijua gharama yake: kampuni zingepewa uhuru wa kuingiza mashine, na kwa kubadilishana zingelipa mrabaha mnono. Mashine zilikuja, ajira zikapungua kwa zaidi ya nusu katika muda usiozidi miaka 20, na mafuta ya petroli na gesi yakanyakua soko la reli na la majumbani. Tani zilipopungua, wadhamini wa Mfuko, yaani wale waliokabidhiwa fedha hizo kwa niaba ya wenye haki, waliwafutia kadi wachimbaji waliokosa kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha wakawafutia hata waliokuwa kazini ikiwa mwenye mgodi hakulipa mrabaha. Uamuzi huu wa pili ndio mchungu zaidi. Katika Kentucky mashariki migodi midogo ilikuwa ikitia saini mkataba bila kuutekeleza, na adhabu ya kosa la mwajiri ikamwangukia mfanyakazi aliyekuwa akishuka shimoni kila siku. Wakati huohuo Mfuko ulitangaza kwamba hauwezi tena kuzibeba hospitali, na kuanzia 1962 misafara ya magari ya wachimbaji wenye hasira ilizunguka mabonde ya Hazard ikifunga mgodi mmoja baada ya mwingine. Hospitali zote kumi ziliokolewa kwa kuuzwa kwa shirika lililoanzishwa na Kanisa la Presbiteri, kwa msaada wa serikali.

Wakati wachimba makaa wakipoteza kadi, vyama vingine vilikuwa vikipanua mafao, na hasa ya dawa. Mkataba wa 1967 wa wafanyakazi wa viwanda vya magari ulileta bima ya dawa za cheti, yaani zile zisizouzwa bila maandishi ya daktari, ambapo mwanachama alitoa dola 2 tu kwa kila dawa na kampuni ikabeba zilizobaki. Kwa mfanyakazi wa viwanda hivyo huko Detroit, kiasi hicho kilikuwa punguzo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, wadhamini wa Mfuko wa makaa walipotangaza kwamba wachimbaji nao wataanza kuchangia gharama, jambo la namna hiyohiyo lilipokelewa kama wizi, na makumi ya maelfu waliacha kazi bila idhini ya chama chao. Mgomo rasmi ulioanza Desemba uliendelea kwa siku 110, na mkataba uliokubaliwa 1978 ulimtaka mchimbaji atoe hadi dola 7.50 kwa kila ziara kwa daktari na dola 5 kwa kila dawa ya cheti, jumla isizidi dola 200 kwa familia kwa mwaka, huku wachimbaji walio kazini wakihamishiwa kwa bima za kibiashara za kampuni zao. Kwa hesabu tupu, sharti hilo halikuwa zito likilinganishwa na viwanda vingine. Kosa la walioliandaa lilikuwa kulipima kwa dola, wakati wachimbaji walilipima kwa ahadi waliyoamini kwamba Lewis aliwapa, ahadi ya kutibiwa tangu kuzaliwa hadi kaburini. Zahanati za pamoja, zilizopoteza malipo yao ya jumla, zilipunguza wafanyakazi.

Wastaafu walibaki chini ya mifuko ya pamoja au ya kampuni zao, na hapo ndipo mapambano yalipohamia. Kampuni ya Pittston ilipokatisha mafao ya wastaafu, wajane na walemavu wapatao 1,500 mwaka 1988, wachimbaji wake waligoma kuanzia Aprili 1989 hadi Februari 1990 wakiwa wamevaa sare za mabaka kama za askari, nao hawakudai nyongeza ya mshahara kwanza bali matibabu ya wazee wao. Matokeo yake yalikuwa tume ya serikali, kisha sheria ya 1992 iliyozilazimisha kampuni kuwagharimia wastaafu wao wa zamani, na kwa wale ambao kampuni zao zilikuwa zimekufa, ikaruhusu itumike riba ya mfuko wa kukarabati ardhi ya migodi iliyotelekezwa. Mfuko huo wa ardhi ulijazwa na tozo la kila tani ya makaa lililowekwa 1977.

Sheria hiyo haikuwafikia waliostaafu baadaye, na kampuni zilipoanza kufilisika mfululizo kuanzia 2012, mahakama za ufilisi ziliziruhusu kadhaa kujivua mzigo wa mafao. Mwishoni mwa 2016, na tena katika majira ya kuchipua ya 2017, maelfu ya wastaafu na wajane walipokea barua za kuwaarifu kwamba kadi zao zingekoma kufanya kazi kuanzia tarehe fulani, na kila mara Bunge la Marekani lilisogeza tarehe hiyo mbele kwa muda mfupi, hadi Mei 2017 lilipopitisha sheria ya kudumu iliyowahusu watu wapatao 22,600. Fedha zake zilitoka katika mfuko uleule wa ardhi, na pale usipotosha, katika hazina ya taifa, ambayo haihesabu tani.